Maji Yanayong'ata

Ifakara,
Jumatano, 9 Aprili 2025.

Ndugu yangu Mabula,

Mwangaluka. Neno hilo ulinifundisha wewe mwenyewe, na kila nilipolitamka ulicheka ukasema kwamba Mpogoro akisalimia Kisukuma hata ng'ombe huacha kucheua. Shikamoo yako nimeipokea kabla hujaitoa. Natumaini barua hii imekukuta mzima, na Merina mzima, na wajukuu wazima, na kwamba lile goti lako limepungua uvimbe. Mpunga wa bondeni umeshikaje mwaka huu? Huku mjini mvua imenyesha siku nne mfululizo, na kutoka dirishani naona bajaji zimezama hadi nusu ya magurudumu.

Kuhusu mimi, uliniona Jumapili. Tangu siku hiyo miguu imejaa zaidi, na nalala nikiwa nimekaa, mito mitatu mgongoni, maana nikijilaza pumzi inakatika. Daktari ni kijana mstaarabu. Aliponiruhusu kutoka hospitali alisema nikapumzike na wanangu, kisha akainama kuandika kitu ambacho hakikuhitaji kuandikwa. Nimepima vitu maisha yangu yote, kwa hiyo namjua mtu aliyesoma kipimo asichotaka kukitaja. Kifo sikiogopi sana, Mabula. Ninachokiogopa ni Jumamosi.

Ulipokaa kando ya kitanda changu ukinimenyea chungwa, ulinieleza habari ya Lupiro kama mtu anavyoeleza habari za mvua. Ulisema kwamba ndama wawili na dume mmoja wameanguka na kufa kwenye birika la kunyweshea mifugo, kwamba watu wa kule waliulizana nani ameleta balaa hili, na kwamba mmoja akakumbuka yule bibi aliyefukuzwa Michenga miaka kumi na moja iliyopita akahamia kwao. Wazee wameitisha dagashida, lile baraza lenu la Kisukuma, Jumamosi hii, na wewe umeitwa ukasimame ueleze yaliyotokea kwenu. Ulisema vijana wameshaapa kwamba safari hii hakuna kumvusha mtu mto. Sikukuuliza maana yake, kwa sababu niliielewa. Halafu ukacheka kidogo, ukasema uchawi wa mama Sikitu umezeeka lakini meno bado unayo. Mimi niliendelea kutafuna chungwa. Nilikuwa na maneno mdomoni, nikayameza pamoja na kokwa.

Binti yangu Bernadeta ndiye anayekuletea barua hii, mkononi, yeye mwenyewe. Simu nimejaribu. Juzi nilikupigia mara mbili. Mara ya kwanza nilikuuliza bei ya mpunga, na mara ya pili nikakuuliza tena bei ya mpunga, ukaniambia, "Mzee Theo, unataka kuuza au umeanza kusahau?" Nilikata simu. Tena maneno ya simu huishia hewani, na haya nataka yasomwe mbele ya watu yakiwa na sahihi. Kwa hiyo nitaandika hata yale unayoyajua kuliko mimi, kwa ajili ya watu wa Lupiro wasioyajua. Nakuomba kitu kimoja tu. Usiichane kabla ya Jumamosi. Baada ya hapo karatasi ni yako.

Mlipohamia Michenga na mifugo yenu mimi nilikuwa bado nafundisha umeme katika chuo cha ufundi, na nilipostaafu nikawa jirani yenu wa shamba. Sitasahau jinsi ulivyokuja kujitambulisha na kibuyu cha maziwa ya mgando, ukatazama sahani yangu ya wali na kambale, ukaniuliza kwa heshima zote kama hicho ndicho chakula au kuna kingine kinakuja. Uliishi pale na Merina, na watoto, na mama yako mdogo Sikitu. Alikulea yeye tangu mama yako alipofariki, wewe ukiwa hujang'oa meno ya utotoni. Kiswahili chake kilikuwa kidogo. Viatu hakuvizoea kabisa. Wewe na wanao mlivaa katambuga za tairi, na ulipomnunulia zake alizitundika ukutani, akasema mguu ukifungwa haujui tena unakanyaga wapi.

Watu wa Lupiro wanajua ugomvi uliokuwepo miaka ile. Ng'ombe walipita katikati ya mpunga kwenda mtoni kunywa, wakulima wakashika mapanga, wafugaji wakashika fimbo. Ndipo Nassib, mwenye mashine ya kukoboa, Mungu amrehemu, alipochimba kisima nyuma ya banda lake na kujenga birika refu la saruji ili mifugo isipite tena mashambani. Watu wa pande zote walimshukuru. Pampu ilihitaji umeme kutoka kwenye mashine, hatua kama themanini, na Nassib hakutaka nguzo uani kwake. Waya ukapita chini ya ardhi. Aliyeuchimbia, akauunganisha na kuupima ni mimi.

Hapa lazima nieleze kazi ya kupima, nitaieleza kama nilivyowaeleza wanafunzi. Waya wa umeme una ngozi. Shaba iliyo ndani hupitisha umeme, na ngozi ya nje huuzuia usitoke. Ngozi ikichakaa au ikitoboka, umeme hutafuta njia ya kwenda ardhini, na macho hayawezi kuona. Chombo cha kulijua hilo ni mega. Ni kisanduku chenye mpini wa kuzungusha kwa mkono na mshale nyuma ya kioo. Unazima umeme, unafungua waya ncha zote mbili, unafunga mguu mmoja wa mega kwenye shaba na mwingine kwenye ardhi, kisha unazungusha. Mega husukuma umeme kwenye ngozi kwa nguvu kuliko itakayokutana nayo kazini, kuona kama itavuja. Ngozi nzima hukataa, na mshale hupanda. Ngozi mbovu hukubali, na mshale hulala kwenye sifuri. Tena mtu asisome haraka. Azungushe dakika nzima, maana ngozi nzuri huzidi kukataa kadiri unavyoisukuma, na mbovu huchoka.

Wanafunzi wangu wa Ifakara, mji wa baiskeli, walilielewa hili mara moja. Niliwaambia ni sawa na fundi pancha anayejaza upepo mpira wa ndani kisha akauzamisha kwenye beseni la maji kutafuta tundu. Waliniita Fundi Mega. Nilipenda jina hilo kuliko lile nililobatizwa. Nilikuwa nawaambia kwamba mtu hudanganya, karatasi hudanganya, lakini mega haidanganyi.

Waya wa Nassib niliupima mwezi wa Oktoba 2013, ardhi ikiwa imepasuka kwa ukame hata unaweza kutumbukiza mkono kwenye ufa. Mshale ulipanda hadi megaomu mia mbili. Kinachotakiwa ni moja. Nassib alinipigia makofi, na wewe ulikuwepo, ukasema kumbe Wapogoro wanajua kitu zaidi ya kuvua samaki.

Sasa masika ya 2014. Mvua zilipojaa, asubuhi moja mama Sikitu alirudi kutoka birikani akiupepea mkono wake kama mtu aliyeshika kaa la moto. Aliwaambia wanawake waliokuwa wakianika mpunga, kwa Kiswahili chake, "Maji yananing'ata." Walicheka sana. Mmoja akamwambia, "Bibi, maji ya Nassib hayana meno, labda wewe ndiye uliyaacha humo." Watoto walilipenda neno hilo, wakawa wanamfuata nalo njiani. Aliendelea kulisema kwa siku kadhaa, kwa kila aliyekuwa tayari kusikia, kisha akaacha.

Wiki iliyofuata ng'ombe wako watatu waliinamisha vichwa kunywa, wakakakamaa, wakaanguka. Siku nne kukawa kimya, halafu wakaanguka watano kwa mpigo. Jumanne ya wiki ile ya mwisho wakaanguka wengine watatu, naye Msomi akiwemo, yule dume mweupe uliyempa jina hilo kwa sababu alipenda kusimama akiutazama ukuta. Jumla kumi na mmoja. Bwana mifugo alimpasua mmoja, akasema si kimeta, wala si sumu anayoijua. Na kilichotia watu hofu zaidi ni kwamba wachungaji walisimama palepale, bega kwa bega na ng'ombe, wala hawakudhurika. Ni ugonjwa gani unaochagua hivyo?

Ndipo watu walipolikumbuka neno lake. Walisema aliyejua kabla ndiye aliyetuma. Uliamuru maji yafungwe mpaka dagashida iamue, na Nassib akafunga Jumatano asubuhi. Ijumaa ulikuja kwangu. Hukuwa unalala, macho yalikuwa mekundu. Uliniomba nije Jumamosi kama mtu wa kisomo, niwaambie wazee kama kisomo kina jibu lingine, kwa sababu, ulisema, yule ni mama yako na hutaki kumtupa kwa neno moja la maji. Nikakujibu kwamba Jumamosi nakwenda mjini kuchukua dawa za presha.

Yaliyotokea barazani ulinisimulia wewe. Waliketi uwanja wa shule, kijiji kizima kikiwa kimezunguka, Wasukuma kwa Wandamba kwa Wapogoro. Walimuuliza kama ni kweli alisema maji yanang'ata. Akasema ni kweli. Wakamuuliza alijuaje kabla ya wengine. Akasema, "Yaliniuma mimi." Wakaona kwamba anawafanyia dhihaka. Wewe ulisimama mwisho, ukasema kwamba hata aliyekubeba mgongoni hawezi kukuulia ng'ombe kumi na mmoja ukamnyamazia. Jumapili alivuka mto kwa pantoni, wakati ule daraja bado, na mzigo wa nguo na chungu kimoja. Jumatatu maji yakafunguliwa. Ng'ombe wako wakanywa, na wa jirani wakanywa, wala hakuanguka hata mmoja, siku hiyo wala baadaye. Ushahidi gani tena ulihitajika?

Mabula, ndugu yangu, mkono wangu umesimama hapa kwa muda mrefu. Bernadeta ameingia akaniuliza kama nahitaji maji, nikamwambia hapana kwa sauti ambayo si ya kumwambia mtoto wako.

Sikwenda mjini Jumamosi ile.

Neno la mama Sikitu lilinifikia mapema, kabla ng'ombe wa kwanza hajaanguka. Mke wangu Tekla alilileta nyumbani kama kichekesho, akacheka hata akaweka chini ungo. Mimi sikucheka. Nililijua neno hilo. Ndivyo umeme unavyojisikia ukipita kwenye mkono uliolowa wa mtu asiye na viatu. Lakini nilijiambia kwamba mega yangu ilisoma mia mbili, na mega haidanganyi. Hivyo nikamwachia bibi yule aseme peke yake.

Nilikuwa na sababu ya kuogopa ambayo hakuna aliyeijua. Waya ule ulikuja vipande viwili. Palihitajika kiungio karibu na birika, na kiungio cha ardhini humiminiwa gundi maalumu inayoganda kama jiwe, ambayo ilitakiwa iagizwe Dar es Salaam. Nassib alikuwa amekwisha kualika watu wa kufungua kisima. Nikafunga kiungio kwa utepe, na juu ya utepe nikazungushia mpira wa ndani wa baiskeli, nikiukaza tabaka kwa tabaka, kama tunavyofunga kila kitu hapa kwetu, kuanzia mpini wa jembe hadi bomba la maji. Nilijiambia ni kwa wiki mbili tu. Kisha nikaupima ardhi ikiwa kavu, na kipimo kilipotoka kizuri nikafukia. Nimefundisha miaka thelathini kwamba tundu huonekana ndani ya maji, halafu mimi mwenyewe nikatafuta pancha bila beseni.

Jumatano, maji yalipofungwa, nilimwambia Nassib naangalia pampu. Nilifungua waya ncha zote mbili, nikazungusha mega, ardhi ikiwa tope. Mshale haukunyanyuka. Nilizungusha dakika nzima, nikazungusha tena, nikabadilisha mikono, kama mtu anayemwamsha marehemu. Sifuri. Nikaelewa yote pale nilipochuchumaa. Kila asubuhi pampu ilipowashwa umeme ulitoka kwenye kiungio changu, ukasambaa kwenye tope lililozunguka birika. Ng'ombe anasimama na miguu ya mbele mbali na ya nyuma, na mdomo wake uko majini, kwa hiyo umeme unampita wote, hadi moyoni. Wachungaji walikuwa juu ya katambuga, na tairi haipitishi umeme. Ng'ombe havai katambuga. Na katika watu wote wa Michenga alikuwepo mmoja tu aliyekanyaga pale kwa mguu mtupu kila siku na kusema alichokisikia.

Hiyo ilikuwa Jumatano. Ijumaa ulipokuja kuniomba nilikuwa nalijua jibu kwa siku mbili. Nilikuwa nalo mfukoni, limeandikwa kwenye daftari langu. Nikakwambia dawa za presha.

Niliogopa, Mabula. Niliogopa fimbo zenu, na niliogopa kwamba wakisikia fundi wa upande wa wakulima ameua ng'ombe wa wafugaji, mapanga yatatoka tena. Kwa miaka mingi nilijifariji kwamba nilizuia vita. Lakini katika hali yangu ya sasa mtu hana nafasi ya kujidanganya. Nilichokiogopa kuliko vyote ni kuona watu wakicheka pale wanaponiita Fundi Mega.

Jumamosi alasiri mashine ilikuwa imefungwa, banda tupu, hata kuku walionekana kama wamekwenda barazani. Nilizima swichi kuu, nikachimba. Mpira wa baiskeli ulikuwa umelainika kama ndizi iliyooza, na shaba imeota kijani. Nilikata, nikaunganisha upya kwa gundi ya kumimina ambayo niliiagiza Dar es Salaam Jumatano ile, ikanifikia kwa basi siku iliyotangulia. Wakati naisubiri igande nilisikia sauti ya watu wengi kutoka uwanja wa shule, sauti moja nzito, kisha kimya. Sasa najua kwamba hapo ndipo ulipokuwa umesimama. Ilipoganda nilizungusha mega. Mshale ulipanda, ukapita mia mbili, ukaenda hadi mia tatu, nami nikafurahi. Nataka ulijue na hilo. Mama yako alikuwa anatupwa, nami nilikuwa nimepiga magoti kwenye tope nikitabasamu.

Kwa hiyo ng'ombe hawakupona kwa sababu Sikitu aliondoka. Walipona kwa sababu nilichimba wakati mnamhukumu. Tengenezo langu ndilo lililogeuka ushahidi juu yake. Jumatatu ile jioni ulikuja kwangu, uso umetulia, ukasema, "Umeona, Mzee Theo? Mama kaondoka, maji yamepona." Nami nikajibu, "Nimeona." Nimesema uongo mwingi mdogo maishani, lakini neno hilo moja ndilo litakalonitangulia ninakokwenda.

Nililipeleka kwa padri. Akanipa kitubio kimoja tu, nikamwambie Mabula. Sikurudi tena kuungama. Hata Tekla alipokuwa anakufa, nilisimama nyuma kanisani kama mgeni, na watu wakadhani ni huzuni.

Na mama yako nilionana naye. Miaka minne iliyopita, kwenye benchi la kliniki ya macho hapa Ifakara, kikongwe mmoja aliketi pembeni yangu, miguu mitupu imepasuka visigino. Alinitazama muda, akaniita fundi wa maji. Aliuliza habari za Merina, akauliza habari zako, jina lako akalitaja taratibu. Kisha akaniuliza kama maji ya kule bado yanang'ata. Nikamwambia hapana, yamekwisha. Akasema, "Afadhali. Nilikuwa nawahofia watoto." Akaitwa ndani. Nikaondoka bila kupimwa macho.

Sasa Jumamosi. Pamoja na barua hii Bernadeta amebeba mega yangu ndani ya kikapu, imefungwa kwa kanga ya marehemu Tekla. Kule Lupiro yupo Evod, niliyemfundisha, fundi mwangalifu asiyependa maneno. Mpe. Waambie wazee kabla hawajamuuliza mtu yeyote swali lolote waende kwanza kwenye birika pamoja naye. Azime swichi kuu, afungue waya ncha zote mbili, apime ardhi ikiwa bado imelowa, na mtu yeyote asimwambie asubiri jua litoke. Azungushe dakika nzima. Vijana walioapa wasimame mbele kabisa, wautazame mshale kwa macho yao.

Lakini kuna hofu moja imekaa na mimi tangu Jumapili, wala siwezi kukuficha. Sijui waya wa pampu ya Lupiro ukoje. Sikuuchimbia mimi. Inawezekana kiungio chao ni kibovu kama changu, na mshale utalala, na watu watashika vichwa. Inawezekana pia mshale utapanda vizuri, na ndama wale walikufa kwa jambo lingine, na vijana watageuka kumtazama yule bibi. Ikiwa hivyo, Mabula, usinyamaze. Soma barua hii hadi mwisho, kwa sauti yako kubwa ile ya kuitia ng'ombe. Wao wanamwogopa kwa sababu ya Michenga, na wewe ndiye shahidi wa Michenga. Waambie kwamba Michenga hapakuwa na mchawi. Palikuwa na mimi.

Nimeambatanisha ukurasa wa daftari langu. Utaona vipimo vitatu, cha Oktoba, cha Jumatano na cha Jumamosi, kila kimoja na saa yake. Cha mwisho kimeandikwa saa kumi na dakika ishirini alasiri. Ulizia wazee wanaokumbuka saa aliyosimamishwa mama yako, walinganishe.

Sikuombi unisamehe katika barua. Hilo ni neno la ana kwa ana, na huenda pumzi zangu zisilifikie. Fidia ya ng'ombe wako kumi na mmoja nimewaeleza wanangu, watakuja kuongea na wewe kama watu. Lakini kama una nguvu ya safari moja tu juma hili, usije kunitazama mimi. Vuka daraja uende kwake, Ijumaa, kabla ya baraza, ukae chini mbele yake. Mwambie kwamba fundi wa maji amesema alikuwa anasema kweli. Mwambie yalikuwa yanang'ata.

Msalimie Merina na umwambie maziwa yake ya mgando ndiyo kitu pekee ambacho tumbo langu bado linakikubali. Wasalimie wajukuu wote, na jirani zetu wa Michenga, kwa kadiri watakavyokubali salamu zangu baada ya hili. Bernadeta anakuamkia shikamoo. Ameisoma barua hii kabla ya kuifunga, maana sikutaka abebe asichokijua. Kisha amenifunika miguu.

Ni mimi, mwalimu na jirani yako,

Theodori Likanoga

Nimesahau jambo moja. Mkifika pale birikani usivue katambuga zako mpaka Evod aseme umeme umekatwa. Na kabla hujavuka daraja pitia sokoni umchukulie mama jozi yake. Akikataa kuzivaa, mbembeleze, zitundike kwake ukutani kama zamani, lakini Jumamosi ile moja mshike mkono, azivae.